Milango ya Fundi Twiga

Kilichoibiwa kilikuwa kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima, na aliyekiiba alikuwa amesafisha nyuma yake.

Kompyuta ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, mfuniko wa chini umevuliwa. Ilikuwa ya kubebeka kwa jina tu. Ilikuwa nene na nzito kama tofali, ya aina wanayochorea majengo wale wenye kazi hiyo. Inspekta alivaa glavu, akavuta kiti, akakaa.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako," alimwambia fundi.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile ya wasanifu majengo alikuwa mrefu kupita kiasi, na kila mtu alimwita Twiga. Alikuwa ameinama kupita mlangoni bila hata kuutazama, kama mtu anayepiga chafya. Kipaji cha uso kilibeba kovu la siku ambayo hakuinama.

"Hii inaitwa kadi ya picha, afande. Ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Laptopu za kawaida kadi imegandishwa humo humo, huing'oi. Hii inatoka. Ijumaa nilitoa ya zamani, nikaweka mpya yenye nguvu. Leo Jumatatu tumefungua, ya zamani imerudi. Mpya haimo."

"Ya zamani uliiweka wapi?"

"Kabati la vitu vya kutupwa."

"Lina kufuli?"

"Takataka haifungiwi, afande."

Bosi alikuwa amesimama dirishani akijipepea kwa faili. Kadi ile aliisubiri miezi minne, maana aina hiyo haitengenezwi tena. Jumatano wateja wangekuja kutembezwa, kwenye kioo, ndani ya hospitali ambayo haijajengwa. Kwa kadi ya zamani hospitali ilikwama mlangoni.

"Na mwizi tunaye," bosi alisema. "Mlinzi alikuwa peke yake wikiendi nzima. Mpelekeni rumande, huko atasema."

"Za mwizi arobaini, afande," Koplo aliongeza, akichezesha pingu. "Nimfunge?"

"Funga mdomo wako kwanza."

Inspekta aliiinamia mashine. Juu ya kadi palikuwa na bamba la shaba la kupozea, na kando yake skrubu nne, kila moja na namba yake. Hakuna hata moja iliyokwaruzwa kichwa. Pembeni mwa bamba ilionekana dawa nyeupe ya kupitishia joto. Aliigusa. Ilikuwa laini bado.

"Skrubu hizi zinakazwaje?"

"Kwa namba. Kidogo kidogo, kwa kuvukana, pembe kwa pembe. Moja, mbili, tatu, nne, halafu unarudia."

"Mtu akikaza ovyo?"

"Kadi inapinda. Inaungua ndani ya wiki."

"Na hii imekazwaje?"

Fundi Twiga alitazama viatu vyake. "Vizuri," alisema.

"Wewe mara ya mwisho uliiona lini hiyo mpya?"

"Ijumaa saa tisa na nusu niliifunga kwa mkono wangu."

Jibu lilikuwa zuri, ila halikuwa la swali lile. Inspekta aliliweka mahali, kama mtu anavyoweka sindano asije akaikalia.

Alama za vidole zilikuwa za fundi peke yake, na hilo halikusema kitu, maana kazi ni yake. Kilichomkera Inspekta ni usafi. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alishaona wezi waliovunja, waliochoma, hata mmoja aliyelala palepale kwa uchovu. Hakuwahi kumwona mwizi aliyefuta dawa kuukuu, akapaka mpya, akakaza kwa namba, ili mashine aliyoiibia isiungue. Huyu aliihurumia mashine.

Mlinzi alihojiwa kwenye kibanda chake cha getini. Alikuwa mzee mkavu, kofia mapajani.

"Wikiendi hii nani aliingia, baba?"

"Kitabu hiki hapa, afande."

Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Hiki ni cha wageni. Wenyeji je?"

"Wenyeji hawaandikwi."

"Aliingia mwenyeji?"

Mlinzi aliizungusha kofia. "Nimebakiza miezi saba nistaafu, afande."

"Ukinyamaza, utaimalizia rumande. Bosi wako keshakuhukumu."

"Basi nitaimalizia huko." Alilisema bila ujeuri. "Mwaka juzi huyo mtu alimzika mwenziwe. Kesho yake alikuja kazini, akanirekebishia redio yangu. Sitasema zaidi ya hapo."

Koplo alimtia pingu. Inspekta hakumzuia, ila alimwambia ampeleke kwa njia ya mbele, ofisi nzima ione. Koplo hakuelewa. Alipopita na mzee yule chini ya madirisha, Inspekta alikuwa anatazama dirisha moja tu, na mtu mrefu aliyekuwa nyuma ya kioo chake aliondoka ghafla.

Inspekta alienda kwa karani wa vifaa, mama mnene mwenye miwani ya kamba.

"Kadi hii inaingia kwenye mashine gani nyingine, mama?"

"Pacha wake tu. Tulinunua mbili siku moja." Karani alifunua daftari, akaweka kidole. "Ya pili alikuwa nayo mchoraji wetu mkuu. Alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Mashine akapewa mumewe, iwe kumbukumbu."

"Mumewe anakaa wapi?"

Karani alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea upande gani. "Si Twiga huyo? Ameomba ruhusa sasa hivi. Kichwa kinamuuma, anasema."

Fundi Twiga alikaa chumba na sebule, nyuma ya duka la vioo. Mlango wa nje, mfupi, ulikuwa wazi. Mlango wa chumbani nao ulikuwa mfupi, na ukingo wake wa juu ulipigiliwa kipande cha godoro. Mezani palikuwa na kompyuta nene, pacha wa ile ya ofisini, feni yake ikivuma. Fundi alikuwa ameketi mbele yake, bisibisi mkononi.

"Nilikuwa nataka kuitoa, afande. Niilete. Mkono umekataa."

"Una haki ya kunyamaza, mzee. Utakalosema litaandikwa."

"Andika. Nimeichukua mimi. Jumamosi saa nne asubuhi. Mlinzi mwachieni, yule hajui hata nilichotoka nacho."

"Kwa nini?"

Aliigeuza kompyuta upande wa Inspekta. Kwenye kioo palikuwa na ukumbi mpana, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, na mlango mrefu uliofunguka kwenda chumba kingine.

"Hii ni nyumba yangu," alisema. "Mwenzangu aliichora miaka mitatu, kila akitoka kazini. Alikuwa ananifukuza nisichungulie. Nitaingia siku atakayomaliza, akasema. Akamaliza Jumanne. Alhamisi hakuamka."

Koplo, aliyekuwa amefika na kusimama mlangoni, alivua kofia.

"Hii mashine kadi yake ilikuwa mbovu. Kioo kilijaa michirizi. Nikifungua nyumba, inakwama kwenye mlango wa mbele. Miaka miwili nimesimama nje ya mlango wangu mwenyewe, afande. Ijumaa bosi akanipa kadi mkononi. Ile ile inayoingia humu."

"Ungemwomba bosi. Au ungeifungulia nyumba kulekule ofisini."

"Niingie nyumbani kwangu watu wakiwa nyuma yangu wanatazama?" Alitikisa kichwa. "Na bosi ningemwambia nini? Niazime kadi nikamtazame mke wangu? Nilijua nitairudisha Jumapili. Jumapili nikaingia. Kutoka kukanishinda."

Aligusa kitufe. Walipita ukumbi, wakaingia jikoni. "Tazama milango. Mita mbili na nusu, yote. Nimeipima. Hakuna hata mmoja wa kuinama."

Inspekta aliijua hamu hiyo. Nyumba ya mama yake iliuzwa miaka sita nyuma, na mpaka leo, akiingia kwake, mkono wake hutafuta swichi upande wa kushoto ambako haipo.

"Umeimaliza yote?"

"Kimebaki chumba kimoja. Nimekiacha. Nikishakiingia, hakuna tena jipya kutoka kwake."

"Mzee, hiyo kadi ni kizibiti. Nikitoka hapa natoka nayo, na wewe. Yule mzee wa getini yumo ndani kwa ajili yako."

"Najua."

Inspekta alisimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo. "Koplo, tazama nje."

"Kuna nini, afande?"

"Wewe tazama tu."

Nyuma yao kitufe kilibonyezwa mara moja, mara mbili, kikanyamaza. Feni ilivuma. Kisha fundi alicheka, kicheko kifupi kilichovunjika katikati.

"Ameweka kigoda," alisema. "Dirishani. Alikuwa ananifikia hapa mbavuni tu, afande. Akitaka kunibusu alipanda kigoda. Amekichora na kile."

Hakuna aliyegeuka mpaka aliposema, "Basi."

Alizima mashine. Feni ikakata. Alifungua skrubu kwa kurudi nyuma: nne, tatu, mbili, moja, kidogo kidogo, kwa kuvukana. Aliifuta kadi dawa yake kwa kitambaa safi, akaitia ndani ya mfuko wa vizibiti alioushika Inspekta, akausukumia mbele kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto aliyelala.

"Mwambie bosi, kabla ya Jumatano ipakwe dawa mpya," alisema. "Na mlinzi?"

"Atatoka jioni hii. Nitampigia bosi mimi mwenyewe."

Koplo alinyoosha pingu. Inspekta alitikisa kichwa, Koplo akazirudisha kiunoni.

Fundi Twiga alitangulia. Alitembea wima, macho mbele, kama mtu anayepita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Inspekta ndiye aliyeona, akafungua mdomo kumwonya, akachelewa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mlangoni fundi hakuinama.