Gari Liitwalo Makande

Jua lilikuwa linazama Simeoni alipopakia sembe na mafuta ya taa, akafunga gereji yake pale Same na kuanza kupanda kwao Vudee, kule milimani. Safari ya kawaida kabisa. Ila jioni hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza gari lake kuingia barabarani.

Na gari lenyewe, mama yangu! Chasi ya Landrova ya zamani, injini ya Datsuni, taa za lori sijui la mwaka gani, mlango mmoja wa Pijo 504. Vijana wa stendi walicheka mpaka wakashika mbavu, wakalibatiza Makande, kwa kuwa limechanganywa kama mahindi na maharage chunguni. Simeoni hakuwanunia. Wao wangejuaje? Makorokoro yote yale aliyaunganisha kwa ajili ya kitu kimoja tu: mlango wa kushoto.

Ndani ya Pijo ile, upande ule wa kushoto, ndipo alipofia mwanawe wa pekee, Joshua. Mvua za mwaka juzi zilikula barabara, gari likaserereka bondeni kwenye kona ya mawe mekundu.

Sasa, kwao mtu aliyefia njiani huendewa palepale. Ibada sawa, kaburi sawa, lakini mzazi lazima aende na jani la isale, mmea wao wa matambiko, amwite marehemu kwa jina, aongozane naye hadi nyumbani akapumzike. Simeoni hakusubiri. Matanga hayajaanuliwa, yeye ameshashuka bondeni, ameung'oa mlango, ameubeba hadi gereji. Mkewe, Magreth, alipokwenda kuita, alirudi na jani limenyauka mkononi.

"Baba Joshua, pale hayupo," alimwambia. "Umemchukua pamoja na lile bati. Urudishe ule mlango nimwite mwanangu."

"Nikiurudisha, mimi nabaki na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Na jamani, nani angemlaumu?

Basi jioni hiyo alikwea, injini ikinguruma vizuri. Halafu... harufu. Muwa mbichi. Joshua hakuwahi kupanda gari bila kipande cha muwa mkononi.

Simeoni akakaza usukani. Hakugeuka kushoto.

Ko... ko.

Mlangoni. Kwa ndani.

Tangu yuko shule ya msingi, Joshua hakuwa mtu wa kusema "simama". Akitaka kushuka aligonga mlango mara mbili. Nywele zilimsimama Simeoni, na papo hapo moyo ukamjaa furaha hadi akaona aibu. Mwanawe yumo!

Mbele ikatokea kona ya mawe mekundu. Magreth alikuwa amesimama pembeni, khanga mabegani, jani la isale mkononi. Alijua leo gari linapanda.

Ko... ko.

"Baba." Sauti ilinong'ona, imechoka. "Nishushe. Mama ananiita."

Simeoni akakanyaga breki. Gari likatambaa. Kitasa cha kushoto kikaanza kushuka chenyewe, polepole...

Akarusha mkono, akakishika.

Chini ya kiganja chake palikuwa na vidole.

Vya baridi. Na kwenye kidole gumba, kovu la jeraha la msumeno alilolifunga kitambaa Simeoni mwenyewe, Joshua akijifunza kazi.

"Tulia, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka. "Kaa na mimi kidogo tu."

Akakanyaga mafuta.

Nyuma yake Magreth alipiga ukelele. "Baba Joshua! Mwache ashuke!"

Nyumbani aliufungua mlango ule wa kushoto. Hakukuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na makapi ya muwa, bado yana mate.

Wapo wanaosema msiba umemvuruga akili. Labda. Lakini Makande hupanda Vudee kila jioni, hakuna anayethubutu kuomba lifti, na Magreth husimama palepale na jani bichi. Wanalala nyumba moja, hawasemezani.

Jana Joshua aligonga mara moja tu. Kwa shida, kama mgonjwa asiye na nguvu. Simeoni alisikia. Akapunguza mwendo, akamtazama mkewe kupitia kioo cha mlango ule, akalia kwa sauti kama mtoto.

Lakini mkono wake haukuachia kitasa.