Trela ya Majani na Mashua ya Phelix

Kila asubuhi Chepngeno huchuma chai. Akiwa shambani, husikia randa ya mumewe ikikwaruza mbao bandani. Sauti hiyo humtuliza. Randa ikinyamaza kwa muda mrefu, yeye huinua kichwa na kutazama nyumbani.

Mumewe, Kipkurui, ni fundi wa mashua. Watu wa Sigowet, eneo lao la milimani, humtania kwamba anatengeneza mashua mahali ambapo maji yote ni ya kuchemsha chai. Yeye hucheka tu. Miti ya mbao iko hapa juu, na wavuvi wako kule chini ziwani. Mashua ikikamilika, huipandisha kwenye trela na kuivuta kwa pikapu hadi ufuoni.

Mwezi uliopita safari hiyo nusura imuue. Trela yao ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Katikati ya mteremko mkali, gurudumu moja lilichomoka. Trela ilipinduka, ikavunja ua wa mtu pale kwenye kona, na mashua ikapasuka. Pikapu ilisimama hatua tatu kutoka kwenye korongo. Kipkurui alirudi mzima, lakini Chepngeno hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Sasa mashua nyingine ilikuwa tayari. Mwenyewe alikuwa Phelix, mvuvi wa ziwani, naye aliitaka Jumamosi. Ijumaa asubuhi randa haikusikika kabisa. Chepngeno aliinua kichwa, akaona pikapu ikiingia nyumbani ikivuta trela kubwa ya kijani.

Alishuka mbio, aproni yake ya kuchumia bado kiunoni.

"Baba Sellah, hiyo umetoa wapi?" aliuliza. Sellah ni binti yao, yuko shule ya bweni.

"Mulot, kwa Momanyi anayeiuza. Amenipa siku tatu nijaribu."

"Ilikuwa inabeba nini?"

"Majani chai! Magunia arobaini kila safari, miaka minne, na haijawahi kuvunjika. Angalia vile ni kubwa. Mashua moja itaifanya nini?"

Katika nchi ya chai, watu hupima nguvu ya trela kwa magunia ya majani. Ikibeba mengi, husemwa ni ngumu. Momanyi hakudanganya, na Kipkurui hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Hata Chepngeno aliitikia kwa kichwa, ingawa moyo wake ulikuwa mzito.

Majirani walikuja kusaidia. Walisukuma mashua juu ya magogo mpaka ikapanda kwenye trela. Trela ililia. Matairi yalibonyea, na sehemu ya nyuma ya mashua ikabaki ikining'inia nje.

"Imekaa sawa," Kipkurui alisema. "Nitashuka leo leo."

Wakati huo Yunia alikuwa akipita. Yunia ni jirani yao, na anafanya kazi kwenye mizani ya malori katika kiwanda cha chai. Alisimama, akachuchumaa, akatazama matairi.

"Baba Sellah," Yunia alisema mwishowe, "hii mashua ni kilo ngapi?"

"Sijui. Lakini hii trela imebeba magunia arobaini."

"Gunia moja la majani ni kama kilo kumi na tano. Arobaini ni mia sita tu. Majani yanajaza trela kabla hayajakuwa mazito. Mbao si majani."

"Yunia, mimi nimevuta mashua miaka kumi!"

"Na mwezi jana ulirudi na nini?"

Majirani waliinamisha macho. Kipkurui alikunja uso, akageuka kuchukua ufunguo aliokuwa ameuacha juu ya boneti. Haukuwapo. Chepngeno alikuwa ameutia katika mfuko wa aproni yake.

"Leta ufunguo, Mama Sellah."

"Haiendi mpaka ipimwe."

"Unanifanyia hivi mbele ya watu?"

"Hata mbele ya kanisa lote." Mkono wake haukutoka mfukoni. "Nilishakungoja siku moja nikidhani umekufa. Sitangoja tena hivyo."

Kipkurui alikasirika kweli. Alizunguka trela mara mbili, akipiga matairi teke.

"Basi tupime," alisema. "Ndio mnyamaze."

Kiwanda hakikuwa mbali. Yunia alimpigia mkubwa wake simu, naye akakubali, ndipo Chepngeno akatoa ufunguo. Pikapu ilienda polepole, Chepngeno na Yunia wakitembea kando. Njia ilikuwa tambarare mpaka karibu na daraja dogo, ambapo palikuwa na kijiteremko. Hapo trela ilianza kuyumba. Ilivuta mkia wa pikapu kushoto, kisha kulia.

"Simamisha!" Chepngeno alipiga kelele.

Kipkurui alikanyaga breki, lakini trela iliendelea kuisukuma pikapu. Pikapu ilisimama karibu na ukingo wa daraja. Aliposhuka, alikuwa ameloa jasho. Safari hii hakubishana na mtu.

Kiwandani waliifungua trela kutoka kwenye pikapu, wakaiacha juu ya mizani ikiwa na mashua yake. Mizani ilionyesha kilo elfu moja mia tatu na ishirini. Yunia alikwaruza rangi ya kijani karibu na kiungo, pale trela inaposhikana na pikapu. Chini yake palikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa kilo elfu moja.

"Huu ndio mwisho wa nguvu yake," alisema, "na hiyo elfu moja inahesabu hata uzito wa trela yenyewe. Tena haina breki yake. Na mzigo umelemea nyuma, ndiyo maana inayumba. Uzito uegemee mbele kidogo, trela ilale kwenye kiungo."

"Sasa nitafute ya namna gani?" Kipkurui aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwanza uzito: namba ya kibati ipite uzito wa mashua na trela pamoja. Halafu iwe na breki zake, na vitanda vya kuikalisha mashua. Kiungo kitoshane na cha pikapu, na minyororo miwili ifungwe kwa kupishana. Usisahau kuangalia pikapu yako inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Imeandikwa kwenye kitabu chake."

"Na kutu?" Chepngeno aliuliza. "Ile ya kwanza ilikufa na kutu."

"Trela ya mashua inaingia majini. Tafuta chuma kilichopakwa zinki. Na kila ikitoka majini, ioshwe, beringi za magurudumu zikaguliwe na kutiwa grisi."

Kipkurui alimpigia Phelix simu na kumwomba angoje hadi Jumatano.

"Omena ziwani zitaningoja?" Phelix alifoka. "Acha nitafute fundi mwingine!"

Chepngeno alichukua simu.

"Phelix, ni mke wake. Jumamosi utapata mashua ama utapata matanga. Chagua."

Phelix alishusha sauti.

"Jumatano, mama," alisema.

Jumatatu trela ya kijani ilirudi Mulot, kwenye kazi yake ya majani. Kesho yake Kipkurui na mkewe walienda Kisumu kutafuta trela nyingine. Trela ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa inang'aa, lakini haikuwa na kibati. Chepngeno aliipita bila kugeuka. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo, magurudumu manne na breki, na kibati cha kilo elfu mbili. Kipkurui aliangalia tena kitabu cha pikapu ndipo akakubali kuinunua.

Jumatano waliteremka pamoja. Kwenye ile kona, ua uliovunjika ulikuwa bado na pengo. Walipoukaribia, ng'ombe watano waliingia barabarani ghafla. Kipkurui alikanyaga breki. Chepngeno alifumba macho, akingoja kusukumwa kutoka nyuma.

Hakuna kilichowasukuma. Trela ilisimama pale pale, minyororo ikigongana kidogo.

Ng'ombe walipita. Kipkurui aligeuka kumtazama mkewe.

"Kama ungenipa ule ufunguo Ijumaa..." alianza kusema.

"Endesha," Chepngeno alimwambia, akifuta machozi kwa kiganja. "Phelix anangoja."

Siku hizi kila mashua inayotoka bandani kwa Kipkurui hupitia mizani kwanza. Uzito wake huandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Namba hiyo huandikwa na Chepngeno mwenyewe. Kabla hajaiandika, ufunguo wa pikapu hukaa katika mfuko wa aproni yake.