Niko, Gogo

Jumatano ile nilikuwa nafua nepi za mtoto wetu Jerop nyuma ya nyumba, hapa Kiamunyi, jua la saa tatu limetulia vizuri, na bwana yangu Kimeli ameketi sebuleni na kompyuta yake na chai, kwa sababu siku tatu za wiki kampuni inamruhusu kufanyia kazi nyumbani na siku mbili gari linakuja kumpeleka Naivasha. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Naandika mbiombio kwa sababu mtoto amelala, na akiamka siwezi kuandika akiniangalia.

Wacha kwanza nieleze kazi ya Kimeli, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kitu. Kampuni yao inawatunzia watu picha na faili zao. Umepiga picha za harusi, simu imeibiwa, lakini picha ziko, kwa sababu zimewekwa kwenye nyumba tatu za mashine: moja Naivasha karibu na visima vya mvuke, moja Nairobi, moja Afrika Kusini. Kila baada ya sekunde kumi kuna mtambo unauliza kila nyumba, uko? Nyumba inajibu, niko. Ikinyamaza mara tatu inahesabiwa imekufa, king'ora kinalia kwenye kompyuta ya Kimeli, na watu wote waliokuwa wakichukua picha zao huko lazima wahamishiwe nyumba inayofuata. Kuwahamisha ni dakika nne, hatua kwa hatua, kwa mkono wake. Akifanya vizuri hakuna mtu anajua. Picha inafunguka vilevile, tabasamu ni lilelile, na huwezi kujua imetoka nyumba gani.

Kiptum alikuwa mwenzake, yeye ndiye wa kuingia ndani kwenye mashine zenyewe. Alikuwa anapitia kwetu kula chapati na kunichokoza, meno yake ya kahawia yote nje, ati Wini, huyu bwana yako siku moja utamkuta amefunika seva na blanketi na wewe umelala kwa baridi. Kimeli alikuwa anacheka mpaka anapaliwa na chai.

Mwezi wa tatu Kiptum akafa. Tuliambiwa moto ulishika kwenye chumba cha mashine huko Naivasha, ile gesi ya kuzima moto ikafunguka, ikafukuza hewa yote, mlango ukajifunga na yeye yuko ndani. Ajali. Picha za watu hazikupotea hata moja, na Kimeli akaandikiwa barua ya pongezi.

Tulienda kumzika kwao Rongai. Jerop alikuwa na miezi saba, nimembeba mgongoni, kichwa kimechungulia begani. Kabla ya udongo kurudishwa, mama yake Kiptum alisogea mpaka ukingo wa kaburi, kwaya ikanyamaza. Akainama.

"Kiptum, uko?"

Akangoja. Akauliza tena. Akangoja. Akauliza mara ya tatu. Kina mama walikuwa wanafuta macho, sisi wote tukidhani ni uchungu. Kisha akageuka, akampita Kimeli kama anapita nguzo ya stima, akanijia mimi, akaweka uso wake karibu kabisa na uso wa mtoto.

"Na wewe, uko?"

Unajua vile sisi akina mama hufanya. Mtoto hajui kuongea, kwa hivyo mtu akimsalimia unamjibia na kasauti kadogo. Poa, anti. Nimeshiba, guka. Sikufikiria hata kidogo. Nikatoa kale kasauti, nikamwita gogo, vile kwao wanaita nyanya.

"Niko, gogo."

Yule mama akanyoosha mgongo. Hakuwa analia. "Sawa," akaninong'oneza. "Basi sasa itakuja kwake."

Ndiyo nirudi kwa ile Jumatano. Nepi ziko kwa kamba, Jerop yuko kitandani kwake anacheza na kijiko. Nikasikia king'ora cha kompyuta, Kimeli akasema Naivasha imelala, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Mimi nikaingia kuchukua vibanio. Mtoto alikuwa amenyamaza. Midomo ilikuwa ya buluu. Hakulia, hakurusha miguu. Alikuwa anagonga ukuta na kiganja, polepole, na macho yake yameangalia mlango.

Nilimtikisa, nikampulizia mdomoni, nikapiga nduru. Kimeli hakuinuka. Nilisikia akisema kutoka sebuleni, namaliza. Dakika nne. Alipomaliza kuhamisha watu, mtoto akavuta pumzi.

Hospitali walimpima kila kitu wakasema ni mzima. Wiki iliyofuata ikatokea tena, mchana, nikimpa uji. King'ora, halafu buluu, halafu kiganja, safari hii mezani. Dakika nne. Usiniambie hiyo ni bahati mbaya.

Siku hiyo nilifunga mlango, nikaketi na Kimeli, nikamwambia asiponieleza vile Kiptum alikufa nitaondoka na mtoto. Akaongea akiangalia miguu yake. Siku hiyo alikuwa zamu huko huko Naivasha, na kile chumba kinaweza kufunguliwa kutoka nje. Kitufe kiko mwisho wa korido, ni mwendo wa nusu dakika kutoka kwa kiti chake. Lakini Naivasha ilikuwa imeshakufa na watu walikuwa hawajahamishwa, na ukiacha katikati faili zinaharibika. Kiptum alimwita kwa redio. Kimeli, uko? Mara tatu. Hakujibu, kwa sababu angejibu ingebidi aende. Akahamisha kwanza. Wakati anafika kwa kitufe, ndani hakukuwa na mtu wa kugonga.

"Nilidhani atavumilia," akasema. "Ilikuwa dakika nne tu."

Kesho yake nikaenda Rongai peke yangu na Jerop. Mama Kiptum alinikaribisha, akanipa kiti, akanimiminia chai ya maziwa mazito, kama mgeni wa heshima. Nikapiga magoti. Nikamwambia mtoto hana makosa. Akasema anajua. Akasema askari wa geti la kampuni alisikia kila kitu kwenye redio yake, na alipokuja kumsimulia, yeye mama hakulia, alimwuliza tu askari sauti ya Kiptum ilikuwaje mara ya tatu.

"Mimi sikutuma kitu, mama," akasema. "Niliuliza tu. Wewe ndiye ulijibu."

Nililia mpaka nikatapika hapo kwa nyasi. Alingoja nimalize, akanipa maji ya kusukutua, akaniambia jambo la kufanya. Itakuja mara moja tu tena. Ikija, Kimeli aache mashine jinsi ilivyo, ambebe mtoto na mikono yake mwenyewe, atoke naye nje. Akiweza, imeisha.

Nikamwuliza na asipoweza.

Akamshika Jerop shavu. "Asipoweza, kuna mtu anangoja nyumba."

Kimeli aliapa. Alishika Biblia ya ndoa yetu, akaapa hata wakimfuta kazi, hata picha za Kenya nzima zikipotea. Siku kumi na mbili, kila akiwa nyumbani, alimbeba huyo mtoto kila mahali, mpaka chooni.

Ilikuja Jumapili, na zamu ya wikendi ilikuwa yake. Tumetoka kanisani, ndengu iko mezani, Jerop yuko kwa mkeka. King'ora kikalia. Mtoto akanyamaza.

Kimeli akaruka. Nakwambia aliruka, akambeba, akafika mlangoni, mkono uko kwa komeo. King'ora kikaendelea. Akasimama. Nilimwona mgongo ukilegea. Akageuka. Akaniwekea mtoto mikononi, polepole, kama sahani ya moto.

"Dakika nne tu, Wini."

Akaketi.

Nilikimbia bila viatu. Mwenye boda pale kona alinitazama mara moja, akawasha pikipiki bila kuuliza, akaniambia tu, shika yeye vizuri, mathe. Jerop alikuwa ananigonga kifuani. Kwa kiganja. Nguvu. Mkono wa mtoto hauna nguvu hiyo. Tukapita petroli stesheni. Akagonga. Tukapita shule. Akagonga. Halafu akaacha.

Mwili ukawa mzito. Nikajua.

Kwa geti la hospitali akavuta pumzi. Ndefu. Nzito. Yenye mkwaruzo, kama mtu mzima ameibuka kutoka kwa maji. Akafungua macho, akaniangalia kwa utulivu, kama unavyomwangalia mtu usiyemjua aliyekufungulia mlango.

Daktari alifurahi. Kila mtu alifurahi. Kimeli alifika nyuma yetu akilia, akasema unaona, amepona, Mungu ni mwema. Nilichukua mtoto siku hiyohiyo tukapanda kwa shangazi yangu Dundori, na mpaka leo ni mwezi mmoja. Hajakosa pumzi tena. Anakula, anaongeza uzito, shangazi anasema amezidi kufanana na mimi. Akililia ziwa namnyonyesha. Nafumba macho namnyonyesha.

Jana nilimpeleka kliniki. Nesi ni mama mchangamfu anaitwa Edinah, alimpima akimtania, ati wewe kajerop utakunywa maziwa yote ya Dundori. Nikamwambia ufizi umevimba, nadhani jino la kwanza linatoka. Akaingiza kidole akapapasa mbele, hakuna. Akapapasa nyuma. Akatoa kidole, akawasha tochi ya simu, akamulika.

Lilikuwa gego. Pana, la kahawia, ule ukahawia wa maji ya Nakuru yenye floraidi unaochukua miaka na miaka kuingia kwa meno, na huyu mtoto hajafikisha mwaka. Juu limelika kwa kutafuna. Katikati kulikuwa na doa jeusi linalong'aa.

"Mama Jerop," Edinah akanong'ona, "nani alimpeleka kwa daktari wa meno?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwuliza hilo doa ni nini.

"Jino limezibwa," akasema. "Na si juzi."

Akamfunga mtoto mdomo kwa vidole viwili, taratibu. Akavuta ile kadi ya kliniki akaanza kujaza. Jina akaandika. Uzito akaandika. Alipofika pale pa umri, kalamu ikasimama, na akaniangalia nimwambie.