Barua ya Mpangaji wa Chumba cha Nne

Viatu vyake havikuwa na tope. Aprili ile ya 1973 Mosocho nzima ilikuwa inalowa, hata kuku walitembea na udongo vidoleni, lakini mgeni alisimama barazani kwa Ombui, mkavu kabisa, barua mkononi.

Ombui aliipenda barua hiyo: muhuri wa kanisa, sahihi ya mzee wa kanisa, mke mmoja, hanywi pombe. Vyumba vyake vinne vya mabati havikupangishwa ovyo. Jana yake tu alikuwa amemfukuza mwalimu Bonareri mvuani, mtoto mgongoni.

"Barua ya mume iko wapi?" Ombui alikuwa amemwuliza.

"Sina mume, omogaka, mzee wangu. Nina mshahara."

"Mwanamke bila mume, neno lake halina uzito hapa."

Sasa mgeni akapokea ufunguo wa chumba cha nne. "Na wewe," akanong'ona, "nani anakujua?"

Ombui akacheka. "Mosocho yote!"

Kuanzia hapo chumba kile kilinuka udongo wa kaburi, na mchana kutwa kalamu ilikwaruza karatasi humo, kwaru, kwaru. Jumatano mwenye duka alimwuliza Ombui yeye ni mgeni wa nani. Sabato, mchungaji Angwenyi, aliyemfungisha ndoa, alimuuliza kwa upole anasali kanisa gani, na Ombui alipomng'ang'ania koti akimsihi aje amkemee jini wa chumba cha nne, mashemasi walimtoa nje kama mlevi, akakimbia mvuani hadi kwake, akasikia kalamu ikikwaruza sasa ndani ya nyumba yake, juu ya meza yake, na mkewe Kemuma akafungua mlango nusu, akamtazama kama mchuuzi wa sabuni.

"Barua unayo?"

"Kemuma, ni mimi!"

"Mume wangu yuko ndani," akasema kwa hofu. "Leta barua ya mtu anayekujua."

Barabarani alikutana na Bonareri.

"Mwalimu! Wewe unanijua?"

"Nitakusahau vipi wewe?"

Mwanamke huyo, jini hakujisumbua kumfuta kumbukumbu; hakuwa amehesabiwa miongoni mwa watu wa Mosocho.

"Niandikie, mama. Tafadhali."

Bonareri akainama chini ya mwavuli, akaandika yote juu ya goti, hata ile siku ya kufukuzwa, akatia sahihi.

Ombui akarudi nayo mlangoni kwake, na Kemuma akaipeleka ndani. Kalamu ikanyamaza. Ikajibu sauti, na sauti ilikuwa ya Ombui mwenyewe:

"Aliyesaini hana mume. Neno lake halina uzito hapa."

Komeo likaingia. Kalamu ikaanza tena.