Kompyuta ya Mlangoni

Kila jioni Chiriku aliosha vyombo mbiombio, akakung'uta mikono, kisha akamwomba mama yake simu. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo usiopoa. Siku hizo mdomo huo ulikuwa na habari moja tu: lugha ya C, ile ya kuandikia programu za kompyuta.

"Mama, siku ya wazazi kompyuta itakaa mlangoni. Mzazi anaandika jina lake, nayo inamkaribisha. Mwalimu atachagua programu moja tu, na itakuwa yangu!"

"Haya. Na huyo anayekufundisha kwenye simu ni nani?"

"Ana wafuasi kama mchanga, mama!"

"Hata nzi hufuatana wengi," mama akaguna. "Nimekuuliza ni nani."

Chiriku akacheka tu. Video za kijana huyo ziliahidi C kwa wiki moja, tena bila mazoezi. Unanakili, basi. Kwenye klabu ya kompyuta shuleni alimtania mwenzake Miwani, aliyeng'ang'ana na kitabu cha maktaba.

"We kobe, bado uko sura ya pili?"

"Na mazoezi yake," Miwani akajibu bila kuinua kichwa.

Siku ya majaribio, Chiriku aliandika jina lake. "Karibu, Chiriku!" kompyuta ikajibu, na darasa likapiga makofi. Mwalimu wa kompyuta akasogea. Akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake na la ukoo, yote kwa mfululizo. Programu ikazimika ghafla.

"Umetenga nafasi ya herufi chache," mwalimu alisema. "Jina refu likija, herufi zinafurika na kuharibu yaliyohifadhiwa jirani. Kompyuta haikukuonya?"

Chiriku akainama. "Ilinionya, mwalimu. Lakini yule wa kwenye video alisema maonyo tuyapuuze."

Wenzake wakaangua kicheko. Miwani hakucheka.

"Nakupa mpaka Ijumaa uirekebishe," mwalimu alisema. "Somo zuri linakueleza kwa nini, linakupa mazoezi, na halikufichi makosa. Lisilo na hayo liache, hata liwe tamu vipi."

Chiriku akameza kiburi, akamwomba Miwani wasome pamoja, tena kuanzia sura ya kwanza. Alikosea, akafuta, akakosea tena. Kila onyo lilipotokea alilisoma mpaka akalielewa. Video nazo akazipima kwa maneno ya mwalimu. Ikabaki moja, ya mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha polepole na kutoa mazoezi magumu.

Ijumaa mwalimu aliandika majina ya ukoo mzima, kisha akalaza kiwiko juu ya vibonye. Kompyuta ikajibu kwa adabu: "Jina limezidi nafasi. Tafadhali lifupishe."

"Hii sasa imeiva," mwalimu akasema huku akicheka.

Siku ya wazazi, mama aliandika jina lake kwa kidole kimoja. Kompyuta ikamkaribisha. Akasimama pale akilitazama jina lake mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa.

"Ngojeni kidogo, jamani. Hii ni kazi ya binti yangu!"

Kisha akamshika Chiriku bega. "Mwanangu, ile simu iliniogopesha, na bado inaniogopesha. Anayekwambia upuuze onyo hakutakii elimu, hata akishangiliwa na uwanja mzima. Mwalimu mchague kwa kazi yake, usimchague kwa kelele zake."

"Nimesikia, mama."

"Leo natembea kifua mbele. Haya, sogea, nikaribishwe tena."