NILIBONYEZA "KUBALI"

Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Saa naikumbuka vizuri. Nilikuwa nyuma ya nyumba nagongelea kitambaa kwenye kochi la mteja, misumari mdomoni. Ndiyo kazi yangu, fundi makochi.

Mara nikasikia sebuleni...

"Anamuua! Baaaba! Anamuua!"

Jamani! Nilitema misumari, nikakimbia na nyundo mkononi. Nilijua tumevamiwa!

Nikakuta watoto sita wameganda. Mwanangu Kidoti, miaka tisa, na wenzake wa jirani. Pacha mmoja amejificha nyuma ya mto.

Mwizi hakuna. Ni TV!

Mwanamume hana shati, kisu mkononi, damu imeruka hadi kwenye pazia. Na matusi! Mimi nimekulia karakana, lakini mengine siku hiyo ndiyo nayasikia mara ya kwanza.

Na kwenye kona ya kioo, nani anatabasamu?

Kobe! Yule yule Kobe mwenye mwavuli, wa katuni, aliyechorwa hadi kwenye begi la shule la mwanangu.

Kabla sijaipata rimoti, Mama Pacha yuko mlangoni.

"Baba Kidoti! Ndiyo mnayowaonyesha watoto wetu?"

"Mama Pacha, hii ni huduma ya Kobe, ya watoto..."

"Kobe gani anachinja watu?"

Akachukua pacha wake, mmoja huku, mmoja huku. Wengine wakamfuata. Nikabaki na nyundo yangu katikati ya sebule kama mjinga.

Sasa mnielewe. Huduma ile ya katuni za kulipia aliiingiza marehemu mke wangu. Alikuwa anasema, "Kwa Kobe mtoto yuko salama, hata nisipokuwepo."

Miaka miwili sasa hayupo. Mimi yale maneno niliyashika kama wosia.

Jumatatu asubuhi shemeji akabisha hodi, dada mkubwa wa marehemu. Habari za TV zilishamfikia. Mkononi ana begi... tupu.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

Moyo ulinidondoka hadi kwenye ndala.

"Shemeji, kosa si langu! Ni la kampuni!"

"Thibitisha."

"Twende ofisini kwao sasa hivi!"

Nilitoka kifua mbele. Leo nikikumbuka kile kifua, natamani ardhi inimeze...

Ofisini kuna baridi ya mashine, na Kobe ukutani mkubwa kuliko mlango. Dada wa mapokezi akanisikiliza nikifoka hadi mate yakanikauka. Foleni yote imegeuka kunitazama.

Akabonyeza kompyuta yake.

"Mzee wangu, miezi mitatu iliyopita kampuni iliongeza filamu za watu wazima. Kila mteja aliletewa tangazo kwenye TV, achague kukubali au kukataa. Kwako lilikubaliwa."

"Na nani?"

"Kwa rimoti ya nyumbani. Jumanne, saa nne asubuhi."

Jumanne saa nne Kidoti yuko shule. Nyumbani niko mimi tu...

Nikakumbuka! Maandishi yalijaa kioo kizima. Nilitaka kusikiliza habari huku nakata sponji, nikaona yananizibia. Nikabonyeza kile kitufe cha kati ili yaniondokee. Kidole kilikuwa na gundi. Alama yake iko kwenye rimoti mpaka leo!

"Ulisoma lakini?" shemeji akauliza.

Nikajipapasa mfukoni.

"Shemeji, nakuuliza. Ulisoma?"

"Miwani... sikuwa nayo."

"Wewe miaka kumi na mbili miwani umesahau! Harusini, hospitalini, hata kwenye msiba. Hiyo miwani iko wapi?"

Ndugu zangu, nilitazama chini. Sakafu ile ilikuwa inang'aa, nikajiona sura.

"Sina miwani, shem. Sijawahi kuwa nayo. Niliishia darasa la tatu. Herufi nazijua, ila nakwenda mdogo mdogo. Barua zote... dada yako ndiye alikuwa ananisomea."

Foleni nzima ilisikia. Kuna mtu alikohoa, na kile kikohozi sitakisahau.

Dada wa mapokezi akashusha sauti. "Lakini mzee, mtoto ana kidirisha chake chenye picha yake. Humo filamu hizo haziingii. Hii ilicheza kwenye kidirisha cha mama."

"Mama alishafariki."

"Mbona kinafunguliwa kila siku?"

Shemeji akanigeukia taratibu... "Kumbe ni wewe unayeziangalia!"

"Mimi? Wallahi, shem, hata kubadilisha picha sijui!"

"Nifungieni hizo filamu humo basi," nikamwambia yule dada.

"Kuzifungia humo tunatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyewe."

"Mwenyewe yuko kaburini! Laini yake ilishakatwa!"

"Basi tunachoweza ni kukifuta kidirisha chenyewe. Au mkifute wenyewe kwa rimoti."

Mmeona wakubwa hao? Kufungua mlango hawakumhitaji mke wangu. Kidole cha fundi chenye gundi kilitosha! Kufunga ndiyo wanamtaka marehemu mwenyewe aje! Na huyo aliyekaa ofisi ya juu akaamua kisu na katuni vikae nyumba moja, jina lake sikupewa. Walinipa kikaratasi cha kutoa maoni. Yaani nisome tena!

Tukarudi hatusemeshani. Kidoti alipotoka shule, shemeji akamweka chini.

"Kidoti, nani anafungua kidirisha cha marehemu?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Mimi, Mama Mkubwa. Naangalia katuni humo. Juzi zilipoisha, ile nyingine ikaanza yenyewe."

"Na chako kipo! Kwa nini uingie cha mama?"

Akachukua rimoti. Akawasha TV, akachagua picha ya mama yake, ile ya kilemba cha njano. Maneno makubwa yakatokea katikati ya kioo, kisha yakapotea.

Shemeji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Imeandikwa nini?" nikauliza.

"Huoni?"

"Yanaondoka, shem. Mimi nakuwa bado niko kwenye neno la kwanza."

Kidoti akanisogelea, akanisomea polepole, kama alivyokuwa akinisomea mama yake.

"Imeandikwa, 'Karibu tena, Mama Kidoti.'"

Kisha akasema, "Huwa naingia hapo ili aitwe."

Miaka miwili mke wangu anakaribishwa sebuleni kwangu, na mimi sijui!

Shemeji alilia. Halafu akakunja lile begi tupu, akaliweka kwapani.

"Mtoto atabaki," akasema. "Lakini wewe nitakufundisha kusoma, kila Jumapili. Na hicho kidirisha kifutwe leo."

Wenzangu, hii nimeiandika siku nne, shemeji kanisahihishia herufi. Ninyi mnaosingizia miwani kama mimi, mwombeni mtu awasomee kabla hamjabonyeza. Aibu ya kuomba ni ya dakika moja. Hii yangu naamka nayo kila siku.

Rimoti bado iko mezani, na alama yake ya gundi. Shemeji ananitazama mimi, mimi natazama kitufe. Hakuna aliyekigusa, maana siku ile Kidoti alituuliza jambo, na mpaka leo hakuna aliyemjibu:

"Mkikifuta, nani atamkaribisha Mama?"