Safari Iliyongoja Mawingu

Nyumba yao ilikuwa na sauti mbili. Mbele, barazani, cherehani ya mke ililia tangu asubuhi. Nyuma, uani, msumeno wa mume uliitikia. Mke alikuwa fundi wa nguo. Mume alikuwa seremala. Waliishi na Bibi, mama mzazi wa seremala, na binti yao wa miaka minane. Binti huyo walimwita Kasuku, maana hata usingizini aliongea.

Bibi alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya milima. Hawakuwa wameonana kwa miaka ishirini na mitatu. Kila Jumapili walizungumza kwa simu, wakacheka, wakasutana kidogo, wakaagana. Lakini Jumapili moja dada mtu hakucheka.

"Mdogo wangu," alisema, "macho yangu yanazimika. Daktari anasema hata miwani haitasaidia. Njoo nikuone ningali naona."

Bibi alikata simu, akakaa kimya. Fundi aliacha kushona. Alimjua mama mkwe wake. Akinyamaza hivyo, jambo limemfika.

Seremala alipoelezwa hakufikiri mara mbili. "Mama, nitakupeleka. Gari tunalo. Jumamosi hii tunaondoka."

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijani, kuukuu. Seremala alilitumia kubebea mbao mjini. Hakuwa amewahi kwenda nalo mbali.

"Baba Kasuku," fundi aliuliza, "gari limekaguliwa?"

"Si linawaka kila asubuhi? Gari linalowaka ni gari zima."

Fundi hakuridhika, lakini alirudi kwenye cherehani.

Jumamosi ilipofika, seremala alikuwa na kitanda cha mteja cha kumalizia. Alipiga randa tangu alfajiri. Waliondoka saa tisa alasiri, naye hajapumzika hata kidogo. Mizigo waliirundika nyuma mpaka ikaziba kioo. Bibi alikaa mbele, akakataa mkanda. "Unanikaba," alisema. "Mimi si mzigo wa kufungwa." Kasuku alisimama katikati ya viti ili aone barabara.

Saa mbili baadaye jua liliwapiga usoni. Redio ilikuwa inaimba. Fundi alikuwa anatazama mashamba, akahisi gari linakwenda upande, polepole, kama kitambaa kinachoponyoka chini ya sindano. Akatazama kioo cha dereva. Macho ya mume wake yalikuwa yamefumba.

Alimpiga bega kwa nguvu zote.

Seremala alishtuka, akakanyaga breki. Tairi likapasuka. Gari likaserereka kwenye changarawe, likazunguka nusu, likasimama. Vumbi lilipotulia fundi alifungua mlango ashuke. Hakushuka. Hatua moja kutoka mlangoni, ardhi ilikuwa imekwisha. Chini kulikuwa na korongo lenye kina cha watu wawili.

Kasuku alikuwa amegonga paji la uso kwenye kiti. Nundu ilianza kuvimba. Bibi alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kasuku hakuwa na la kusema.

Tairi la akiba lilikuwepo, lakini halikuwa na upepo. Walisimama pembeni karibu saa nzima. Ndipo lori kubwa la mizigo likapunguza mwendo, likasimama. Aliyeshuka alikuwa jirani yao.

Mtaani walimwita Mama Gia. Alikuwa dereva wa malori kwa miaka kumi na tisa. Akifika kwenye kona ya mtaa, watoto walimtambua kwa jinsi alivyobadilisha gia, laini, bila kelele. Alilitazama gari, akalitazama korongo, akamtazama seremala. Hakumlaumu. Alitoa mpira wa kujazia upepo kwenye lori lake, akajaza tairi la akiba, akawafungia.

"Nifuateni nyumbani," alisema. "Dada yake Bibi atangoja. Maiti haendi kusalimia mtu."

Asubuhi yake seremala alikaa uani, msumeno mkononi, hakati chochote. Fundi alimletea chai, akaketi kando yake.

"Mimi siingii tena kwenye gari lile mpaka nijue tunakwendaje," alisema. "Mimi kitambaa nakikata baada ya kupima. Wewe mbao unaikata baada ya kupima. Lakini safari ya roho nne tuliikata kwa macho tu."

Seremala aliinamisha kichwa. "Nilisinzia, mke wangu. Sikujua hata kama nimesinzia."

"Basi twende kwa anayejua."

Walimkuta Mama Gia anasugua vioo vya lori. Seremala alikohoa, akasema, "Dada, nimekuja kufundishwa. Usinionee haya."

"Ningekuonea haya kama usingekuja," alijibu Mama Gia. "Kalete karatasi. Safari inaanzia kwenye karatasi, haianzii kwenye ufunguo."

Fundi alileta kipande kikubwa cha karatasi anayokatia mitindo ya nguo. Walikitandaza mezani. Mama Gia alichora barabara yote: daraja jembamba, mji mdogo wenye kituo cha mafuta, mwinuko wa mlima, kilele, mteremko mrefu, halafu tambarare.

"Huu ni mwendo wa saa sita," seremala alisema.

"Saa sita za nani? Wewe mgeni wa barabara hii. Andika saa nane, pamoja na kupumzika. Mtatoka saa kumi na mbili asubuhi, mtafika jua likiwa bado juu. Kila baada ya saa mbili mnasimama. Mnashuka, mnanyoosha miguu, mnakunywa maji."

"Na usingizi ukinijia?"

"Usingizi haufukuzwi kwa redio wala kwa dirisha wazi. Dawa ya usingizi ni usingizi. Kope zikiwa nzito, tafuta mahali salama nje ya barabara, egesha, lala dakika ishirini. Na siku moja kabla ya safari, hushiki msumeno. Unalala mapema kama mtoto wa shule."

Kisha walikwenda kwenye gari. Mama Gia alichuchumaa kwenye tairi la mbele, akachomeka njiti ya kiberiti kwenye mifereji yake. Njiti haikuzama hata kidogo. "Tairi hili ni kipara. Barabara ikilowa, halishiki chini, linateleza." Alifungua boneti, akaonyesha mahali pa kupimia oili, na maji ya kupoza injini. "Usifungue kifuniko hiki injini ikiwa ya moto, kitakuchoma uso." Alimwomba Kasuku asimame nyuma ya gari na kutaja kila taa inayowaka. Kasuku alitaja moja.

"Zinatakiwa mbili," alisema.

"Umeona?" Mama Gia alimgeukia seremala. "Mwenye macho ameona. Na breki mpelekee makanika. Breki hazikaguliwi kwa kubahatisha."

Mwisho alimgeukia Bibi. "Mama, nasikia mkanda unakukaba."

"Unanikaba sana."

"Gari likisimama ghafla, wewe husimami. Unaendelea mbele kwa mwendo ule ule, mpaka kioo kikuzuie. Kioo kinakaba zaidi." Akampitishia mkanda chini kwenye nyonga, na juu kwenye bega, mbali na shingo. "Hivi je?"

Bibi alijigeuzageuza. "Hivi naweza."

"Na wewe Kasuku unakaa nyuma, juu ya kiti cha mtoto kikuinue, mkanda kiunoni na begani. Husimami."

Kwa wiki mbili waliandaa. Makanika alibadilisha breki za mbele na taa. Matairi mawili mapya yaliwekwa, na la akiba likarudishwa mahali pake likiwa na upepo. Fundi alipanga sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, pamba, mkasi, glavu, dawa ya kuoshea vidonda. Akashona na kombeo la kitambaa la kufungia mkono. Waliweka kiti cha mtoto cha Kasuku, jeki, tochi, maji ya kunywa, na pembetatu mbili zinazong'aa za kuonya madereva wengine. Mizigo waliipunguza nusu, kioo cha nyuma kikabaki wazi. Leseni na bima vilikaa kwenye mfuko mmoja. Simu ya seremala ikakaa kwa fundi, maana dereva hashiki simu.

Usiku wa kuamkia safari Mama Gia alipita kuwaaga. "Kuna jambo moja sikusema," alisema. "Kileleni, asubuhi, mnaweza kukuta wingu limekaa bondeni. Ukiwa juu yake utaliita wingu. Ukiingia ndani utaliita ukungu, na hutaona hata pua ya gari. Usiingie. Kuna uwanja mpana wa kuegesha kushoto. Ngojeni lipande."

Waliondoka kulipopambazuka. Seremala alikuwa amelala saa nane kamili. Walivuka daraja, wakapumzika mjini, wakaanza kupanda. Hewa ikawa baridi. Miti ikawa mirefu, yenye ndevu za kijani. Kasuku alihesabu kona mpaka akachoka. Kisha barabara ikaacha kupanda, wakafika kileleni.

Seremala aliegesha kushoto. Alizima injini. Walishuka mmoja mmoja.

Mbele yao dunia haikuwepo. Kulikuwa na weupe tu, kutoka miguuni mwao hadi upeo wa macho, kama marobota yote ya pamba ya ulimwengu yamefunguliwa na kutandazwa na mkono mmoja. Ulikuwa unapumua. Ulipanda taratibu na kushuka taratibu, bila sauti. Huku na kule kilele cha mlima kilichomoza peke yake, cheusi, kama kisiwa ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifikia. Jua lilipanda, na weupe wote ukashika rangi ya dhahabu pembeni.

Fundi alikuwa ameshika vitambaa maisha yake yote. Alijua hariri, alijua pamba, alijua kitani. Mikono yake ilitamani kugusa kile alichokiona, na wakati huo huo ilikuwa na hofu. Alijiona mdogo kama pini iliyoanguka sakafuni. Ajabu ni kwamba udogo ule haukumuumiza.

Bibi alisogea mpaka kwenye ukuta mfupi wa mawe ukingoni mwa uwanja. "Miaka yote hii nimeyatazama mawingu kutoka chini," alisema polepole. "Sikujua kuwa mgongo wake ni mweupe hivi."

"Bibi," Kasuku alinong'ona, "mvua inalala humo?"

"Nadhani hivyo, mjukuu wangu. Usiiamshe."

Gari dogo jeupe likaja kwa kasi nyuma yao. Halikusimama. Lilipiga honi, likateremka, likazama kwenye weupe ule, likapotea.

Seremala alitazama saa. "Wenzetu wanapita."

"Wapite," fundi alisema.

Walingoja. Dakika arobaini zilipita, na hakuna hata mmoja wao aliyeziona ndefu. Ndipo weupe ukaanza kufumuka. Tundu likafunguka katikati, na chini sana, chini kuliko walivyodhani chini kunaweza kuwa, likaonekana shamba la kijani. Tundu lingine: mto unaometa. Kisha pazia lote likapanda, na bonde zima likawa mbele yao, na barabara yao ndani yake, nyembamba kama uzi.

"Tunapita pale?" seremala aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia mahali patakatifu.

"Polepole," mke wake alijibu.

Aliteremka kwa gia ya pili, kama alivyofundishwa, breki akizigusa na kuziachia ili zisipate moto. Injini ilinguruma na kulizuia gari. Kwenye kona ya tano waliliona gari jeupe. Pua yake ilikuwa imejikunja kwenye ukuta wa mwamba. Vijana wawili walikaa pembeni. Mmoja alishika mkono wake, uso umebadilika rangi.

Seremala aliegesha mbele, mahali palipokuwa wazi. Alirudi nyuma kwa miguu, akaweka pembetatu moja kabla ya kona, nyingine baada yake, ili wanaokuja waone mapema. Fundi alichukua sanduku. Alimwambia kijana asiunyooshe mkono, akaubeba kwa kombeo kama ulivyo, akamfunga begani. Kisha akapiga simu ya dharura, akataja kona na upande wa mlima.

"Sikuuona mwamba," kijana alisema. "Sikuona kitu. Gari lingekwenda upande ule..." Alitazama ng'ambo ya pili ya barabara, kwenye ukingo usio na ukuta.

Gari la wagonjwa lilipofika, waliendelea na safari. Hakuna aliyesema, "Je, kama na sisi tungeingia?" Lakini seremala alimwangalia mke wake kwenye kioo, na mke wake akamwangalia.

Walifika saa tisa na nusu alasiri. Dada mtu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mgongo wima, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Alisikia mlango wa gari, akasimama. Bibi alimwendea bila haraka. Walikuwa na urefu mmoja.

Dada mtu hakumkumbatia kwanza. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa jua. Akautazama. Alitazama paji la uso, akatazama kovu dogo juu ya jicho, akatazama mdomo ulioanza kutetemeka.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe."

"Nyamaza, usitikisike. Bado sijamaliza."

Fundi alisimama na mizigo mkononi, hakuthubutu kuiweka chini.

Walikaa siku tatu, wakarudi kama walivyokwenda, kwa karatasi na kwa mwanga wa mchana. Karatasi ile imetundikwa ukutani barazani, na wateja wa fundi wenye safari huja kuinakili. Seremala hukagua tairi, maji, oili na taa kila anapotaka kutoka mjini.

Dada yake Bibi sasa haoni tena. Lakini wajukuu zake wakimuuliza mdogo wake anafananaje, huweka kikombe chini na kuwaeleza bila kusita, kuanzia utosini hadi kidevuni.